Kusi linapita kwetu limejaa mvuke, kwa nini mvua inaenda kumwagika India?

#1 Wingu_Zito

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua siku nyingi. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi linavuma pwani yote ya Afrika Mashariki. Limetoka kusini mwa Bahari ya Hindi, limepita maelfu ya kilomita juu ya maji matupu, kwa hiyo mvuke limebeba. Linavuka ikweta, linapinda kulia, linaambaa na Somalia, linaingia India. Huko mvua inanyesha hasa: wastani wa India nzima kwa miezi hiyo minne ni kama milimita 870. Sisi tuliopitiwa kwanza na upepo uleule tunabaki na rasharasha za alfajiri na kaubaridi.

Shuleni tulifundishwa kwamba nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa ya bara inapanda, ya baharini inaingia kuziba pengo, mvua inanyesha. Sasa bara si hata sisi tunalo? Jua si hata sisi linatuwakia?

Madai yangu ni haya: maelezo ya bara na bahari hayatoshi. Jibu liko kwenye namna bahari na hewa zinavyopeana joto na mvuke njiani, kabla upepo haujafika nchi kavu yoyote. Wanaojua watujuze. Nawasilisha.

#2 Kijiti

Swali zuri. Naweka kambi hapa.

#3 Fizikia_Tupu

Mkuu Wingu_Zito, umeuliza vizuri, ila kuna dhana moja ya kuitoa mapema. Upepo kuwa na mvuke ni jambo moja, upepo kunyesha mvua ni jambo lingine. Mvuke unageuka matone pale hewa inapopanda na kupoa. Hewa inayoteleza usawa juu ya bahari inaweza kubeba mvuke siku na siku bila kudondosha kitu.

Sasa hesabu. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua takriban jouli milioni 2.5 kutoka baharini. Ndiyo maana jasho likikauka mwilini unasikia baridi: joto limeondoka na mvuke. Bahari nayo inapoa vivyo hivyo upepo unapoifyonza. Lakini joto hilo halijapotea, limejificha ndani ya mvuke, linasafiri nao, na linatoka siku mvuke utakapogeuka matone. Wenyewe wanaliita joto fiche.

Tuseme bahari inapoteza wati 150 kwa kila mita ya mraba kwa njia hiyo, kiwango ambacho si cha ajabu chini ya upepo mkali wa tropiki. Kwa siku moja ni kama milimita 5 za maji zimeondoka. Kisha tuseme mahali fulani mvua ya milimita 10 imenyesha kwa siku. Hapo hewa ya juu imepokea karibu wati 290 kwa kila mita ya mraba, mchana na usiku. Huo ni moto mkubwa, na umewashwa katikati ya anga, kilomita kadhaa juu ya ardhi. Hewa hiyo ikipata joto, mgandamizo wa chini unashuka, upepo unavutwa zaidi, nao upepo ukiongeza kasi unafyonza bahari zaidi. Monsuni, yaani huu mfumo wa pepo za msimu na mvua zake, inajilisha yenyewe.

Kwa hiyo nakuunga mkono nusu. Bahari ndiyo inayolipa gharama, ila pa kulipwa hapachaguliwi na bahari peke yake.

#4 Mwalimu_wa_Zamani

Nawasalimu nyote. Vijana mna haraka ya kutupa vitabu. Maelezo ya bara na bahari yana zaidi ya miaka mia tatu. Edmond Halley aliyachapisha mwaka 1686 pamoja na ramani ya pepo za bahari za tropiki, na humo alieleza pia jinsi mzunguko wa dunia unavyoupinda upepo. Msingi wake haujabomoka.

Maji yanataka kama jouli 4,200 kwa kilo ili yapande nyuzi moja. Juu ya hapo bahari inavurugwa na mawimbi, joto linazama makumi ya mita, wakati udongo unapata joto sehemu ya juu tu. Mita mbili na nusu za juu za bahari peke yake zinatunza joto sawa na hewa yote iliyo juu yake. Tofauti hiyo ndiyo injini, huwezi kuiondoa kwenye hesabu ukabaki na monsuni.

#5 Dira

Mwalimu, shikamoo. Naomba kusahihisha moja: kupinda kwa upepo kwa sababu ya mzunguko wa dunia hakukuelezwa na Halley. Aliyeleta hoja hiyo ni George Hadley mwaka 1735. Majina yanakaribiana, watu wengi huyachanganya.

Na kuhusu injini nina shaka kubwa. Kama joto la bara ndilo linaloivuta mvua, basi mwezi wa joto kali kuliko yote India ungekuwa ndio mwezi wa mvua nyingi. Sivyo. Kilele cha joto sehemu kubwa ya India ni Mei, na mvua huanza kugusa Kerala, kusini kabisa mwa India, karibu na tarehe 1 Juni. Julai mvua zikiwa zimekolea, ardhi imekwisha poa. Tena miaka ya ukame bara linakuwa la moto zaidi kuliko miaka ya mvua nzuri. George Simpson alilisema hili mwaka 1921, na Sulochana Gadgil wa India amelirudia kwa nguvu katika kazi zake. Kwa mtazamo wake, monsuni ni ukanda mvua uleule wa karibu na ikweta, ila kiangazi cha kaskazini unapanda mpaka juu ya bara la India na kukaa huko. Joto la ardhi linapozidi, mara nyingi ni dalili kwamba mawingu hayakuja.

Wingu_Zito, hapo ndipo jibu lako lilipo. Julai ukanda mvua haupo juu yetu, basi.

#6 Mwalimu_wa_Zamani

Marahaba Dira. La Hadley nimelipokea. Ila usipime joto la udongo ukaishia hapo. Pima hewa nzima kuanzia chini mpaka kilomita 10 na zaidi. Msimu wa monsuni, hewa ya juu ya kusini mwa Asia ni ya moto kuliko hewa ya juu ya ikweta, na tofauti hiyo inadumu muda wote mvua zinaponyesha. Ikigeuka, msimu umekwisha.

#7 Fizikia_Tupu

Mwalimu, na hilo joto la kilomita 10 limefikaje huko? Sehemu kubwa ni joto fiche lililotoka kwenye mvua yenyewe. Kwa hiyo umesema mvua inaletwa na joto lililoletwa na mvua. Sikatai, ila nani alianza?

#8 Baharia_Jembe

Mimi si msomi wa hewa, nimekula chumvi kwenye meli za mizigo upande wa injini. Nitaleta nilichokiona.

Meli inavuta maji ya bahari kupoza mitambo, na kwenye bomba la kuingilia kuna kipimajoto. Kila zamu unasoma unaandika kwenye daftari. Kuna safari tulielekea Ghuba ya Aden mwezi wa saba. Karibu na ikweta maji yalisoma nyuzi 26. Tulipokaribia Ras Hafun, pwani ya Somalia, ndani ya zamu moja tu, sindano ilishuka mpaka 19. Nilidhani kipimajoto kimeharibika, nikagonga kioo kwa kucha, sindano haikusogea. Fundi mkuu akaja, akashika bomba kwa kiganja, akaniambia niandike kama ilivyo. Bomba lilikuwa linatoka jasho kwa nje, na chumba cha injini nacho kilikuwa kimejaa joto la kawaida.

Waliokuwa juu wakatuambia maji yamekuwa ya kijani, upepo unapiga nyuma kulia mfululizo, bahari imechafuka vibaya, na mbingu haina wingu la mvua. Jua kali, upepo mkali, maji baridi, mvua hakuna. Siku kadhaa baadaye tukiwa mashariki zaidi sindano ikarudi 28. Wenye elimu mseme hiyo baridi ilitoka wapi, maana sehemu yenyewe si mbali na ikweta.

#9 Ng'ambo_Moja

Rahisi hiyo Baharia. Upepo unaburuta maji ya juu kwenda nayo mbele, India, halafu ya chini ambayo ni baridi yanapanda kuziba.

#10 Fizikia_Tupu

Ng'ambo_Moja, ya chini kupanda ni kweli, ila mwelekeo siyo. Maji ya juu hayafuati upepo moja kwa moja. Vagn Walfrid Ekman alionyesha mwaka 1905 kwamba mzunguko wa dunia unayasukuma pembeni: kaskazini mwa ikweta, jumla ya maji yaliyosukumwa inakwenda kulia kwa upepo. Pale Somalia upepo unatoka kusini-magharibi ukiambaa na pwani, kulia kwake ni bahari kuu. Maji ya juu yanaachana na pwani, ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Na kijani ulichoambiwa ni vijimea vidogo sana vya baharini vinavyostawi kwa rutuba iliyopanda na maji ya chini.

Sasa angalia matokeo yake kwa hewa. Maji ya nyuzi 19 yanatoa mvuke kidogo hata upepo uwe mkali namna gani, kwa sababu uvukizaji unategemea mambo mawili kwa pamoja: kasi ya upepo, na tofauti kati ya unyevu uliopo hewani na ule ambao uso wa bahari ungeweza kutoa. Bahari ikiwa baridi, tofauti hiyo inasinyaa. Tena hewa ya chini inapozwa, inakuwa nzito, haitaki kupanda. Hiyo ndiyo anga uliyoiona: upepo mkali na hakuna mvua.

#11 Kijiti

Kila uzi Baharia yupo na injini yake, ila leo injini imetoa ushahidi mahakamani.

#12 Mama_Kaskazi

Habari zenu. Wingu_Zito mwanangu, swali lako limefagia sote kwa ufagio mmoja. Pwani yenyewe mvua nyingi huwa ni Aprili na Mei, na Mei kusi limekwisha ingia. Nyanda za juu za Ethiopia msimu wao mkuu ni Juni hadi Septemba. Magharibi mwa Kenya na Uganda nako Julai na Agosti mvua zipo. Kinachokauka Julai ni upande wa mashariki, tambarare na pwani ya kaskazini.

Na sababu nadhani zipo karibu kuliko India. Machi na Aprili bahari ya kwetu ina nyuzi 29 hivi. Agosti imeshuka mpaka 25 au 26. Mvuvi yeyote anayezamia anaisikia kwenye ngozi. Fungu la hewa linaloondoka kwenye bahari ya nyuzi 29 lina mvuke na joto la kulitosha kupanda lenyewe mpaka juu kabisa. La nyuzi 25 halina nguvu hiyo, linahitaji mlima wa kulisukuma.

Jambo la pili, ule upepo wa kasi unapita kama kilomita moja na nusu juu, umebanwa na nyanda za juu za Afrika Mashariki upande wa magharibi. Mtaalamu wa hali ya hewa, Findlater, aliuchora vizuri mwaka 1969. Upepo unaokwenda ukiongeza kasi unatawanya hewa ya chini, na hewa ikitawanyika chini, ya juu inashuka kujaza. Inaposhuka mawingu yanakufa. Kwa hiyo bahari yetu kupoa na upepo wetu kukazana yote mawili yanatunyima.

#13 Wingu_Zito

Mama, asante, hiyo ya Mei na Ethiopia ni kweli kabisa. Ila sasa umenipa swali lingine: bahari yetu inapoa Agosti kwa sababu gani? Ni kusi lenyewe linaifyonza, au jua limekwenda kaskazini?

#14 Mama_Kaskazi

Vyote. Upepo unafyonza joto kwa kuvukiza, mawimbi yanachanganya maji ya juu na ya chini, na jua nalo limehama. Kutenganisha kipi kimechangia kiasi gani ndiyo kazi ya wenye mashine.

#15 Dira

Turudi kwenye mvuke wenyewe, maana hapa wataalamu walivutana miaka mingi. Mwaka 1965 Pisharoty wa India alipiga hesabu akasema mvuke mwingi unaoingia pwani ya magharibi ya India umetoka Bahari ya Arabuni, na unaovuka ikweta ni mdogo kwa kulinganisha. Wengine wakampinga. Mwaka 1981 Cadet na Reverdin, wakiwa na vipimo vya kiangazi cha mwaka 1975, walipata kinyume chake: asilimia 70 ya mvuke unaovuka pwani hiyo ulitoka kusini mwa ikweta, asilimia 30 ndiyo ya Bahari ya Arabuni.

Kwa hiyo Wingu_Zito, kama hesabu ya pili ni ya kuaminika, mvua ya Mumbai ya Julai sehemu kubwa imefyonzwa kwenye bahari iliyo kusini yetu, ambako wakati huo ni baridi ya kipupwe. Bahari iliyo kwenye kipupwe ndiyo inayolisha mvua ya kiangazi cha wengine.

#16 Mvuvi_wa_Data

Dira, asilimia hizo zinategemea unahesabu wapi na vipi. Mvuke haubaki uleule njiani. Molekuli inadondoka, nyingine inapanda, upepo unabadilisha mzigo kila kilomita. Uliza "mvuke huu uliondoka baharini mara ya mwisho wapi" utapata jibu moja. Uliza "ni mvuke kiasi gani ulivuka ikweta" utapata lingine. Mimi sidhani Pisharoty na Cadet walikuwa wanajibu swali lilelile.

Halafu nyote mmekaa upande wa magharibi. Nendeni Ghuba ya Bengal muone mambo. Bahari ya Arabuni kiangazi inafanya kitu cha ajabu: Mei inafika nyuzi 30, kisha jua likiwa bado kali inashuka nyuzi kadhaa kwa sababu ya upepo, uvukizaji, mawingu na maji ya chini kupanda. Ghuba ya Bengal iko latitudo ileile, monsuni ileile, lakini inabaki nyuzi 28 na zaidi msimu mzima.

Sababu kubwa ni maji matamu. Ganges, Brahmaputra na mito mingine inamwaga humo, na mvua yenyewe inaongeza. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi kama tabaka jembamba. Upepo ukijaribu kuchanganya, unagota kwenye tabaka hilo, hauyafikii ya baridi. Jua likiwaka siku chache bila mawingu, tabaka hilo jembamba linapata joto upesi sana, nyuzi moja hadi mbili ndani ya majuma machache. Kisha mawingu yanajengeka, mvua inanyesha, jua linazibwa, upepo unapoza uso wa bahari, mvua inakatika, mchezo unaanza upya. Mzunguko huo unachukua kati ya siku 30 na 60. Mkulima wa India anaposubiri mvua iliyokatika katikati ya Julai, kwa sehemu anasubiri Ghuba ya Bengal ipate joto tena.

#17 Ng'ambo_Moja

Mvuvi, kwa hiyo mvua inatengeneza tabaka la maji matamu, tabaka linatunza joto, joto linaleta mvua? Nimekuelewa?

#18 Mvuvi_wa_Data

Umenielewa. Ila usiifanye kanuni. Bahari ikishavuka kama nyuzi 28, kuongeza joto hakuhakikishi mvua zaidi. Utakuta maji ya nyuzi 30 na mbingu nyeupe kabisa, kwa sababu hewa ya juu yake inashushwa na mvua inayonyesha kwingine. Joto la bahari ni kibali, haliamuru.

#19 Mpanda_Milima

Nimesoma yote, hakuna aliyeitaja Himalaya. Wakubwa walikuwa wanafundisha kwamba uwanda wa juu wa Tibet unapata joto la jua ukiwa kilomita kama 4 hadi 5 juu, unapasha hewa pale juu moja kwa moja, na huo ndio unaoivuta monsuni. Hilo linamjibu Fizikia_Tupu kwenye #7 kuhusu nani alianza.

Lakini mwaka 2010 William Boos na Zhiming Kuang walifanya jaribio kwenye kompyuta: waliuondoa uwanda wa Tibet, wakabakisha ukuta mwembamba wa Himalaya tu. Monsuni ya India ilibaki karibu kama ilivyokuwa. Maelezo yao ni kwamba milima inazuia hewa kavu na baridi ya kaskazini isije kuchanganyika na hewa yenye joto na mvuke iliyotoka baharini. Wapo wataalamu wanaoutetea uwanda bado, mjadala haujaisha.

Nikilinganisha na kwetu: sisi hewa yetu yenye mvuke haina ukuta wa kuilinda namna hiyo. Iko wazi.

#20 Mwalimu_wa_Zamani

Mpanda_Milima, hapo umegusa. Ila ukuta unazuia tu, hauleti. Aliyeleta ni bahari, na aliyeita ni bara.

#21 Tufani_ya_Mashariki

Mnazunguka sana. Mwenye funguo ni El Niño. Bahari ya Pasifiki ikipata joto, India inakauka na sisi tunafurika. 1997 ni mfano: sisi mafuriko, India ukame. Mambo yameisha.

#22 Dira

Tufani, mwaka 1997 India haikuwa na ukame. El Niño ile ilikuwa miongoni mwa kubwa za karne, kila mtu alitegemea mvua zikosekane, lakini jumla ya msimu ilitoka kuzidi wastani kidogo. Miaka iliyokauka kweli ni kama 2002, ilipopungua karibu asilimia 19 chini ya wastani, na 2009 karibu asilimia 22.

Kilichotokea 1997, kwa maelezo ya wengi, ni dipoli ya Bahari ya Hindi, ile iliyoelezwa na Saji na wenzake mwaka 1999. Upande wetu wa magharibi maji yalipata joto, upande wa Sumatra yakapoa, upepo wa ikweta ukageuka. Mvuke ukaja kwetu, mvua za vuli zikawa mafuriko, na inaonekana India nayo ilipata msaada wa kuikinga na El Niño. 2019 dipoli ilirudi kwa nguvu: India ikamaliza msimu na asilimia 110 ya wastani, sisi vuli tukaogelea.

#23 Mama_Kaskazi

Na msiisahau 1961. Vuli ile Ziwa Victoria lilianza kupanda kwa namna ambayo wazee waliisimulia miaka mingi, na mwaka huo hakukuwa na El Niño. Dipoli peke yake iliweza.

#24 Tufani_ya_Mashariki

Lakini dipoli na El Niño mara nyingi zinakuja pamoja. Gilbert Walker alianza kuona uhusiano wa Pasifiki na monsuni akiwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya India, kati ya 1904 na 1924. Hamwezi kuitoa Pasifiki kwa mwaka mmoja wa 1997.

#25 Kipimajoto

Naingilia kidogo kwa jambo la Baharia #8, maana takwimu zote mnazobishania zinaanzia kwa watu kama yeye. Zamani joto la bahari lilipimwa kwa ndoo. Unatupa ndoo ya turubai, unaivuta juu sitahani, unatia kipimajoto. Sasa turubai lililolowa likipigwa na upepo linavukiza, maji ya ndani yanapoa kabla hujasoma. Kadiri upepo ulivyo mkali, ndivyo kipimo kinavyoshuka chini ya ukweli. Baadaye meli zikahamia kwenye bomba la injini, na huko nako chumba chenye joto kinaweza kupandisha usomaji kidogo. Ukichanganya vipimo vya ndoo na vya bomba bila kusahihisha, utaona bahari imepata joto ghafla kumbe umebadilisha chombo. Siku hizi kuna maboya na setilaiti, ila historia ndefu tunayoitegemea imejaa ndoo.

#26 Baharia_Jembe

Kipimajoto, ndiyo maana fundi mkuu alishika bomba kabla hajaniambia niandike.

#27 Kijiti

Swali la wa nyuma darasani. Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, hilo limethibitishwa. Sasa monsuni itaongezeka au itapungua? Maana nasoma mvuke zaidi, nasoma pia ukame.

#28 Fizikia_Tupu

Hewa ikiongezeka nyuzi moja inaweza kushika mvuke karibu asilimia 7 zaidi. Kwa hesabu hiyo peke yake, mvua zinaponyesha zitapiga kwa nguvu zaidi.

#29 Dira

Na kwa hesabu ya pili, Roxy Mathew Koll na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba magharibi mwa Bahari ya Hindi imepanda nyuzi 1.2 kwa majira ya kiangazi kati ya 1901 na 2012. Mwaka uliofuata wakasema bahari ikipata joto upesi kuliko bara, ile tofauti ya Mwalimu inapungua na katikati ya India mvua zinapungua. Kwa hiyo mvuke unaongezeka, na kinachouvuta mvuke kinaweza kudhoofika. Yote mawili kwa wakati mmoja.

#30 Mwalimu_wa_Zamani

Mmeona? Dira amerudi kwenye tofauti ya bara na bahari kwa mlango wa nyuma.

#31 Dira

Nimeeleza walichosema wao, Mwalimu. Msimamo wangu wa #5 haujasogea.

#32 Fizikia_Tupu

Kuna breki moja hatujaitaja. Bahari ya Hindi imezibwa na Asia upande wa kaskazini, joto halina pa kutokea huko. Lakini kusi linapovuma, kusini mwa ikweta linasukuma maji ya juu kushoto kwake, kaskazini linayasukuma kulia. Chora kwenye karatasi: pande zote mbili maji ya juu yanakwenda kusini. Yaani wakati upepo unabeba mvuke kwenda kaskazini, maji yenye joto yanahamia kusini. Majira ya kaskazi mwelekeo unageuka. Peter Webster na wenzake wanaona hiyo ndiyo inayozuia monsuni isitofautiane kupita kiasi mwaka hadi mwaka: upepo ukizidi nguvu, unaipoza bahari ya kaskazini, na mwaka unaofuata mafuta yamepungua.

#33 Wingu_Zito

Nimesoma yote mara mbili. Nabaki na hili: kila mmoja hapa anakubali kwamba upepo unaipoza bahari inayoulisha. Sasa hiyo baridi ya Somalia aliyoisoma Baharia, je, inaipunguzia India mvua? Maji yangekuwa ya moto pale, si mvuke ungekuwa mwingi zaidi?

#34 Mvuvi_wa_Data

Takeshi Izumo na wenzake walilichunguza hilo mwaka 2008. Miaka ambayo maji ya chini yamepanda kidogo pwani ya Somalia na Oman, magharibi mwa Bahari ya Arabuni inakuwa na joto zaidi, uvukizaji unaongezeka, na pwani ya magharibi ya India inapata mvua zaidi.

#35 Dira

Hiyo inanipa taabu. Maji ya chini yakipanda kidogo maana yake upepo ulikuwa dhaifu. Upepo dhaifu umeletaje mvuke zaidi?

#36 Mvuvi_wa_Data

Kwa sababu ni upepo wa nyakati tofauti. Unaodhoofika ni ule wa mwisho wa Mei, msimu unapoanza. Bahari inabaki na joto ambalo lingeondolewa mapema, na upepo wa kiangazi ukishakaza unalikuta bado lipo juu. Hayo ni ya pwani ya magharibi ya India tu, sehemu nyingine za nchi hazifuati mkondo huo.